Sweta ya Baba

Safari ilikuwa ya siku mbili na usiku mmoja,
chai bure, blanketi za kukodi, chui milia si ahadi.
Ndivyo alivyotuambia Lautan Mahato,
Mtharu wa ukingoni mwa mto Rapti,
fimbo ya mwanzi mkononi, ndala miguuni,
sauti yake imechakaa kwa kunong'onezea wageni.

Mama alikuja na sweta ya Baba.
Mwaka wa tatu huu tangu msiba, haijamtoka.
Kwetu Gorkha kuna baridi, sawa,
lakini huku tambarare jua la saa sita lachoma shingo,
naye kaifunga vifungo vyote hadi kidevuni.
Mama, utachemka.
Akaniambia nitazame ndege.

Nikatazama ndege.
Alfajiri, ndani ya mtumbwi wa gogo moja la msufi,
maji yako vidole vinne chini ya viwiko vyetu,
ukungu haujaamua kama unakwenda au unakaa,
mdiria alichoma mto
akatoka na kitu kinachometameta.
Mamba wa huko ana pua ndefu, nyembamba kama mpini wa upawa.
Alikuwa kajilaza mchangani, meno yote nje,
hana habari na mtu.
"Huyu hali watu," Lautan akanong'ona. "Samaki tu."
Mama akauliza: "Na yeye kaambiwa?"
Mpiga kasia akacheka, mtumbwi ukayumba,
sote tukaacha kucheka.

Kabla ya kuingia porini kwa miguu tulipewa somo.
Dubu: simameni pamoja, pigeni makelele.
Chui milia: mkazieni macho, rudini kinyumenyume.
Tembo: hapo kila mtu na miguu yake.
Kifaru: pandeni mti. Hakuna mti, kimbieni kwa kupindapinda,
na mkizidiwa, tupeni nguo.
Macho yake si kitu. Ana pua. Atasimama anuse.

Nyasi zilikuwa ndefu kutushinda.
Kwezi wawili waliruka, na chini yao
nyasi zikaanza kwenda zenyewe.
Akatoka na pembe yake moja,
ngozi imekunjwa mabegani kama mabati yaliyopigwa ribiti,
sikio moja kwetu, sikio moja kwa Mungu.

Sikumbuki nilivyopanda.
Nakumbuka Lautan akinisukuma makalio,
nakumbuka gome la mti mdomoni,
kisha nikatazama chini nikamwona Mama,
miaka sitini na nne, magoti mabovu,
kasimama nyuma ya kichuguu kisichomfika kiunoni
anafungua vifungo.
Kimoja. Kingine.
Hakuharakisha. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja.

Akaitupa.

Kifaru akafunga breki, vumbi likampita.
Akanusa mkono wa kushoto.
Akanusa kwapa, akanusa kola,
palipobaki tumbaku na grisi ya gereji
na moshi wa meko yetu.
Alinusa kuliko alivyohitaji.
Akashusha pumzi moja nzito, kama mtu aliyesoma barua,
akageuza lile tumbo lake, akaondoka.

Lautan alitaka tuondoke upesi.
Mama alitaka sweta yake.
Wakabishana kwa mikono, bila sauti,
naye akaishinda serikali yote ya hifadhi:
akaenda, akaiokota, ikichuruzika kamasi,
akaivaa.

Jioni tulionyeshwa unyayo wa chui milia kwenye tope,
mpana kama sahani, maji bado yakijaa ndani.
"Amepita sasa hivi," Lautan alisema, na wageni wakapiga picha za shimo.
Mama alikuwa pembeni, pua ndani ya kola,
kakunja uso,
ananusa tena.

Kesho yake, Mugling, basi lilipokata kona kuanza milima,
abiria walikuwa wamehamia mbele mmoja mmoja
kwa ile harufu.
Mama akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka dirishani.
Tulikuwa wawili,
tumekaa kiti cha watu watatu.